Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Kaunti ya Trans Nzoia: Tupande pia miti ya kuwalisha popo

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Endebess, nikiwa mkulima wa mahindi na mwanachama wa kikundi cha miche, kuhusu magonjwa yanayotoka kwa popo, jambo ambalo kwa kawaida huachiwa madaktari ingawa linaanzia kwenye shoka.

Msimu wa mapera unapofika, watoto wa boma langu hukimbilia nyuma ya jiko alfajiri kuokota yaliyodondoka usiku. Mengi huwa yametafunwa upande mmoja na popo. Mtoto hulifuta pera kwenye sweta, hung'ata sehemu iliyotafunwa na kuitema, kisha hula iliyobaki, na masalia humtupia nguruwe. Nilipokuwa wa umri wao mpera tulikuwa nao, lakini popo hawakuwa wageni wa kila usiku, kwa kuwa mikuyu ya kando ya mto ilikuwa bado imesimama na kuwalisha. Tuliikata wenyewe, baba yangu akiwa mmoja wetu, ili mahindi yafike ukingoni mwa maji.

Huenda hili likaonekana dogo, lakini huko Malaysia, mwaka 1998 na 1999, virusi vya Nipah viliwafikia nguruwe waliofugwa chini ya miti ya matunda iliyotembelewa na popo, vikawaingia wafugaji, na watu zaidi ya 100 wakafariki. Nasi hatuko mbali na hatari ya namna hiyo. Mwaka 1980 mfanyakazi wa kiwanda cha sukari huku magharibi, na mwaka 1987 kijana wa miaka 15 kutoka Denmark, walifariki kwa homa ya Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, na wote wawili walikuwa wametembelea pango la Kitum katika mlima wetu huu wa Elgon. Mwaka 2017 ugonjwa huohuo uliua watu watatu wilayani Kween, upande wa Uganda wa mlima. Sidai kwamba visa vya Kitum vililetwa na ukataji miti, maana wale waliingia pangoni kwa miguu yao. Ninachosema ni kwamba virusi vya Marburg vimewahi kuonekana mlimani humu, na popo wanaokula matunda na kulala mapangoni ndio wanaojulikana kuvihifadhi, kwa hiyo kila tunachokifanya cha kuwasukuma popo kuelekea majumbani ni uamuzi wa afya, hata kama umeandikwa kwenye faili la misitu au la kilimo.

Kuna watakaokushauri popo wafukuziwe mbali au wauawe. Nakusihi usiwasikilize. Katika mgodi wa Kitaka, Uganda, wachimbaji waliwaangamiza popo baada ya wenzao kuugua Marburg mwaka 2007. Popo wengine walipohamia humo miaka michache baadaye, watafiti waliwapima na kukuta kiwango cha maambukizi kimepanda kutoka takribani 5 hadi 13 kati ya kila popo 100.

Dawa iliyoonyesha matumaini ni mti. Huko Australia, ambako virusi vya Hendra hutoka kwa popo na kuingia kwa farasi kabla ya kumfikia binadamu, watafiti waliofuatilia takwimu za miaka 25 waligundua kwamba popo waliponyang'anywa misitu inayochanua majira ya baridi walihamia mashambani na mijini, na visa vikaongezeka. Lakini katika majira ambayo misitu iliyobaki ilichanua vizuri, popo walirudi porini kula, na maambukizi kwa farasi yakakoma.

Ndiyo maana nina wasiwasi na jinsi tunavyohesabu miche. Nchi imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na lengo hilo naliunga mkono. Lakini mkaratusi, msindano na mti wa krismasi huingia kwenye hesabu sawasawa na mkuyu, ilhali popo au kima mwenye njaa hapati tunda lolote katika hiyo mitatu. Mlima unaweza kuonekana kijani kutoka barabarani huku wanyama wake wakishuka kutafuta chakula kwetu. (Najua mkaratusi unalipa karo, hata mimi ninao, na sitaki ung'olewe.)

Naomba, Mheshimiwa, vitalu vinavyofadhiliwa na kaunti vitenge sehemu ya miche kwa ajili ya mikuyu, miringaringa na miti mingine ya asili yenye matunda, ipandwe kingoni mwa mito na kwenye mpaka wa msitu, mbali na nyumba na mazizi. Naomba pia kwamba kabla kaunti haijatoa maoni kuhusu eneo lolote la msitu kukatwa au kugawiwa walimaji, afisa wa afya ya umma na daktari wa mifugo wawe wamelitembelea na kusema neno, maana huku kijijini hao ndio wa kwanza kuitwa nguruwe wanapokufa ovyo au mtu anapotapika damu.

Mvua za masika huanza Machi, na mbegu za mkuyu ni ndogo kama vumbi, huchukua miezi kabla ya kuwa miche ya kupandwa. Kikundi chetu kina kitalu na watu wa kumwagilia. Tunachokosa ni mifuko ya miche na barua ya kuturuhusu kupanda kwenye ukingo wa mto, na zote mbili ziko katika uwezo wa ofisi yako.

Wako mwaminifu,
Mkulima, Endebess