Nyumba ya Baba haiuzwi, Kaka

Pittsburgh, Pennsylvania
Jumapili usiku

Kaka yangu Bakari,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, Wifi na watoto. Mimi sijambo, alhamdulillah. Baridi imeingia lakini nimeshaizoea.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana kwa simu tungegombana, na wewe ni mkubwa wangu. Nimeona niandike, mpwa wetu Hamza aisome mbele yako na Mama, mtu asije akasema mimi nilisema hivi au vile.

Umetaka milioni nane za kiwanja Chongoleani, hapo Tanga, kwa sababu dalali amekwambia bei itapanda kwa ajili ya bomba la mafuta. Umesema kama sina, basi tuuze nyumba ya Barabara ya Kumi na Tano tugawane. Jambo la tatu hukulisema wewe, nimelisikia kwa Mama: Hamza aiache nafasi ya chuo, aingie kibarua cha bomba.

Kabla ya hayo kuna neno lililonichoma, nalitoa ili lisibaki kifuani. Nimeambiwa ulisema mbele ya Mjomba Athumani na watu wa msibani kwamba mimi nimekuja huku kuosha vyombo vya Wazungu. Kaka, ndiyo, naosha vyombo. Ni vyombo vya upasuaji. Mikasi, koleo, misumeno ya mifupa, seti nzima za kupasulia moyo, vyote vinapita mikononi mwangu. Navisafisha, navikagua kimoja kimoja chini ya kioo cha kukuzia, navifunga, vinaingia kwenye mashine ya mvuke ya nyuzi 132. Nikikosea, mgonjwa anapata maambukizi. Nimesomea kazi hii usiku, mchana nikifagia korido za hospitali hiyohiyo. Nimefanya mtihani nimepasi mara ya kwanza, na tangu mwezi wa nne mimi ni msimamizi wa zamu, watu tisa wako chini yangu. Cheti nimekitundika sebuleni. Nakuomba siku nyingine ukinitaja mbele za watu, useme hivyo.

Na mabati. Mwaka jana nilituma milioni tatu za mabati. Mama ananiambia mvua ya masika bado inamdondokea jikoni, na mimi nimeiona pikipiki kwenye picha ya Idi. Sitasema zaidi, wewe mwenyewe unajua.

Sasa sikiliza kwa nini nakataa, na usidhani ni uchoyo.

Mji huu ninaokaa ulikuwa mji wa chuma. Mtaa wangu unaitwa Hazelwood, uko kando ya mto Monongahela, na basi langu la kazini linapita penye eneo la ekari 178 ambako zamani kulikuwa na kiwanda. Mzee jirani yangu, aliyenipokea nilipohamia na kunifundisha namna ya kumwaga chumvi kwenye ngazi wakati wa barafu, alianza kazi pale akiwa kijana wa miaka kumi na minane. Mama yake alikuwa akimsimulia kwamba zamani moshi ulikuwa mzito hadi taa za barabarani zinawashwa saa sita mchana, na makarani wa mjini walibeba shati la pili kwa sababu la asubuhi likifika adhuhuri limeshakuwa jeusi. Watu hawakulalamika sana, Kaka. Moshi ulikuwa mshahara. Mwaka 1950 mji huu ulikuwa na watu karibu 677,000, na mtoto wa kiume hakuulizwa atafanya nini akikua.

Halafu chuma cha nchi nyingine kikawa rahisi, mitambo yao huku ilikuwa imezeeka, na viwanda vikaanza kufa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1983, mji na vitongoji vyake, zaidi ya asilimia 17 ya watu wa kufanya kazi hawakuwa na kazi. Homestead, kile kiwanda kikubwa kuliko vyote, kilifungwa 1986. Leo pale ni maduka na sinema, yamebaki mabomba ya moshi kumi na mawili yamesimama mstari mmoja kama minazi iliyokatwa vichwa. Cha hapa Hazelwood cha kuoka makaa ndicho kilichokawia, kikafungwa 1998. Ndugu wawili wa jirani yangu walihamia Texas na hawakurudi. Hesabu ya watu ya 2020 imekuta wamebaki kama 303,000.

Nikimsikiliza yule mzee namwona Baba. Unakumbuka 1991 kiwanda cha mbolea kilipofungwa? Wewe ulikuwa mkubwa, utakumbuka kuliko mimi. Mimi nakumbuka ovaroli lake likinuka salfa limetundikwa nyuma ya mlango, na Mama hakulifua kwa muda mrefu. Nakumbuka Baba aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, anasukuma baiskeli nje, anaifuta vumbi, halafu hana pa kwenda, anakwenda barazani kwa Mzee Kombo kunywa kahawa. Kiwanda kilifunguliwa 1972. Miaka kumi na tisa tu! Na kabla ya kiwanda Babu alikuwa mtu wa mkonge. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa mkonge kama tani 230,000, Tanga ikanenepa, kisha zikaja kamba za nailoni. Tanga yetu imeshawekwa mara mbili kwenye kapu moja, na mara zote mbili kapu lilipodondoka ni kina Babu na Baba waliookota maganda. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nashtuka.

Bomba la mafuta silipingi. Naliombea heri, na Watanga wakipata kazi nitafurahi. Lakini bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi kwetu linataka maelfu ya mikono wakati wa kuchimba na kuunganisha. Likishafukiwa linataka mafundi wachache waliosoma. Kibarua unachomtafutia Hamza ni cha miezi. Baada ya hapo atabaki na buti.

Hapo ndipo Pittsburgh imenifundisha, na hili nimelifikiria sana ndani ya basi. Watu wakisikia mji umefufuka hudhani alikuja tajiri akajenga kitu kipya mahali pa kiwanda. Haikuwa hivyo. Vilivyouokoa vilikuwepo tayari, viwanda vikiwa bado vinatoa moshi. Chuo kikuu cha hapa ndicho Jonas Salk alikotengeneza chanjo ya polio, ikatangazwa kuwa inafaa Aprili 1955. Sisi Makorora tulipangiwa foleni ya matone, yaliyokuja baada yake, lakini sindano ya mwanzo asili yake ni mtaa ninaoshukia basi. Mwaka 1981 akaja hapa daktari Thomas Starzl, wa kupandikiza maini, na wagonjwa wakaanza kumfuata kutoka kila upande wa dunia. Na kile chuo kingine kilichotajirisha mji kwa roboti na kompyuta, Carnegie Mellon, unajua kilianzaje? Tajiri wa chuma, Andrew Carnegie, alikianzisha 1900 kiwe shule za ufundi za watoto wa wafanyakazi. Kama VETA, Kaka! Mwaka 1979, kabla viwanda havijafungwa, chuo hicho kikaanzisha taasisi ya roboti. Wakati ule ingeonekana ni mchezo wa wasomi. Sasa magari yasiyo na dereva yamejaribiwa humu barabarani tunamovuka.

Na walikaa pamoja. Mwaka 1985 meya, wakuu wa kaunti na vyuo vikuu vyote viwili waliandika mpango mmoja wakaupeleka serikali ya jimbo kuomba fedha, kwa sauti moja. Watu waliokuwa wakigombania kila senti! Nilipolisoma hilo niliwaza sisi, watoto watano wa baba mmoja, tumeshindwa hata kukaa jamvi moja kuzungumzia paa.

Pale penye ekari 178, mifuko ya hisani ya matajiri wa zamani ilinunua ardhi 2002 ili isiangukie kwa walanguzi, wakangoja. Miaka kumi na saba ikapita hadi 2019 ndipo jengo la kwanza likafunguliwa. Hawakuubomoa mfupa wa kiwanda. Wamekiacha kile kiunzi cha chuma chenye kutu kimesimama, ndani yake wamejenga maabara za vioo, na juu badala ya mabati wameweka paneli za jua toka mwanzo hadi mwisho. Jirani yangu alinipeleka siku ya kwanza. Alishika nguzo moja akanyamaza. Mjini kuna ghorofa 64 la kampuni ya chuma, refu kuliko yote, limejengwa kwa chuma chao wenyewe ili dunia ione. Tangu 2008 juu yake kuna herufi kubwa za shirika la hospitali, zinawaka usiku, naziona nikitoka kazini. Shirika hilo ndilo mwajiri mkubwa wa mji sasa. Na mke wa yule mzee ndiye aliyeokoa nyumba yao: mumewe alipoachishwa, yeye alikwenda kusomea uuguzi akiwa na watoto wawili wadogo. Hawakuuza nyumba. Majirani waliouza waliuza kwa bei ya kutupa, na leo watoto wao wanapanga.

Kaka, sitaki udhani napamba habari. Siyo wote waliovuka. Mbele kidogo, kando ya mto huohuo, kuna mji mdogo wa Braddock, nina rafiki Mkongo anakaa huko, tunasemeshana Kiswahili chake na changu hadi tunacheka. Kiwanda cha Braddock kilianza 1875 na mpaka leo kinafua chuma, lakini mji uliokuwa na watu zaidi ya 20,000 sasa hawafiki 2,000, na hospitali yao ilifungwa 2010. Mzee wa miaka hamsini aliyetolewa tanuruni hakugeuka fundi wa roboti. Kazi mpya wamepata wajukuu, na wageni kama mimi. Hata mji wenyewe ulitangazwa kuwa na dhiki ya fedha 2003, haukutoka humo hadi 2018. Hii ni kazi ya miaka thelathini, arobaini. Waliopona ni waliokuwa na mtoto mmoja shuleni wakati mambo yanaharibika, na paa la kulala.

Ndiyo maana nasema Hamza aende chuo. Ufundi wa vifaa tiba siyo jambo dogo. Hapa kwetu hospitalini mashine ikikwama, daktari bingwa mwenye jina lake anakaa chini anamngoja fundi. Mtoto wa dada yetu marehemu akikaa siku moja pale hospitali ya Bombo na begi lake la vifaa, atakula popote: Tanga, Muscat, hata huku. Na hakuna bomba litakalofukia kazi yake.

Kwa hiyo ada nitalipa mimi, mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, moja kwa moja chuoni. Mabati nitampa fedha fundi kupitia Shangazi Zuhura, usikasirike. Kiwanja sikitaki. Nyumba ya Baba ina mafungu yetu sote na la Mama, na mimi kwenye fungu langu sitatia sahihi. Nimeshamwambia Mwanaidi, naye hatatia. Baba alijenga ile nyumba kwa tofali za mkono, Jumapili kwa Jumapili, na kisima tulichimba sote. Nikifumba macho naweza kutembea mle ndani gizani bila kugonga kitu.

Kuna siku kijana mmoja daktari, Mmarekani, aliingia lifti akanisalimia, "Habari za asubuhi, dada." Nikashtuka. Kumbe amejifunza kwenye ile programu ya lugha ya simu, Duolingo, ambayo makao yake yako humuhumu Pittsburgh, na Kiswahili kimo. Nikamjibu, tukazungumza mpaka ghorofa ya tisa. Alivyotoka machozi yalinitoka, sijui kwa nini, mbele ya toroli la vyombo. Nilitamani siku ile nikirudi nyumbani nikute bada na papa wa nazi, na kelele za kengele za baiskeli Ngamiani, na wewe ukiniita kwa lile jina la utotoni.

Wewe ndiye uliyenibeba kwenye baiskeli ya Baba kunipeleka shule mvua ikinyesha. Sijasahau, na haya yote nimeyaandika nikilikumbuka hilo.

Mama dawa ya presha asikose, nimetuma ya miezi miwili. Mke wa Omari anakuja huku mwezi wa kumi na mbili, mpeni unga wa bada, kilo mbili zinatosha. Na Hamza anitumie picha ya ile barua ya chuo, upande wenye namba ya malipo, kabla ya Ijumaa, kwa sababu Jumamosi naingia zamu ndefu.

Mdogo wako,
Mwanahawa