Mtoto akilipiwa kiti aachiwe kiti chake

Mhariri,

Nimekuwa nikisoma gazeti lenu miaka na mikaka na sijawahi kuwaandikia, lakini ile ripoti yenu ya juzi kuhusu abiria wanaotaka watoto wadogo wasipandishwe mabasi ya usiku ya Mombasa na Kisumu eti wanalia sana imenikera mpaka nimeshindwa kunyamaza. Mlihoji abiria, mkahoji dereva, mkahoji hadi mwenye basi. Mama mwenye mtoto hamkumtafuta hata mmoja.

Mtoto halii kwa kupenda. Analia sababu ana joto, amebanwa, spika iko chini ya kiti inampigia kifuani, na amepakatwa tangu gari itoke steji. Na kwa nini amepakatwa? Hilo ndilo nataka muandike, na msianze na mabasi ya mbali, anzeni na hizi matatu zetu za hapa Nairobi.

Kwa matatu hakuna nauli ya mtoto inayojulikana. Konda ndiye huamua, na huamua akiangalia mvua, saa na watu wangapi wako steji. Saa nne asubuhi gari ikiwa tupu utaambiwa weka mtoto hapo kando mama, hakuna shida. Saa kumi na mbili jioni mtoto yule yule kwa kiti kile kile analipishwa kama mtu mzima, na akitokea mtu anataka kukaa, ghafla anageuka mzigo wa kupakatwa. Wakati wa pesa anahesabiwa, wakati wa kiti hahesabiwi.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka kliniki na kijana wangu, alikuwa amedungwa ile chanjo ya surua ya miezi 18, mwili umeanza kuchemka, amelegea tu hataki hata maziwa. Mvua ikaanza. Kufika Ngara nauli ya Zimmerman ambayo asubuhi nililipa hamsini imeshakuwa mia, sawa, hiyo tumezoea, nikapanda. Konda akaniuliza mtoto anakaa ama unapakata, nikamwambia anakaa, ni mgonjwa na nina begi, namlipia. Nikatoa mia mbili, akazipanga na zile zingine katikati ya vidole, zimekunjwa kwa urefu vile wao hukunja, akaendelea na wengine. Nikamlaza mtoto kichwa mapajani, miguu kwa kiti chake, akasinzia. Kufika Pangani gari ikasimama ikabeba wengine na huyo konda akarudi, "Mathe, pakata mtoto, kuna mtu anakaa hapa." Nikamwambia huyu mtoto amelipa na wewe ndiye umechukua pesa. Akaniambia hiyo ilikuwa kabla watu hawajanyeshewa. Nikakataa. Akainama akamshika mtoto mkono, mkono ule ule wa sindano, akamwinua akanitupia mapajani kama mtu anayesongeza gunia la viazi! Kijana wangu alipiga nduru mpaka dereva akageuka. Kiatu chake kimoja kikapotelea chini ya viti. Na wale abiria Mhariri, watu wazima, wengine akina mama wenzangu, hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa mzee mmoja huko nyuma aliyesema si umpakate tu mama, sisi pia tumechoka, na msichana wa dirishani aliyeinua macho akatuangalia kisha akarudi kwa simu yake. Nikaitisha mia yangu nikaambiwa pesa ikishaingia kwa gari haitoki. Na yule mwanaume aliyekalishwa pale alilipa mia yake pia, nilimwona kwa macho yangu. Kiti kimoja nauli mbili, na mtoto mwenye homa akalia kutoka Pangani mpaka Roysambu, halafu kesho yake mtu aende kwa mwandishi wenu aseme kuna mtoto alimsumbua kwa gari.

Mtu asiniambie haiwezekani kupanga. Hii treni ya Madaraka Express inayoenda Mombasa tangu 2017 ina utaratibu wake, chini ya miaka 3 bure, miaka 3 hadi 11 nusu nauli, unajua kabla hujatoka nyumbani. Hata ndege, mtoto wa chini ya miaka miwili anapakatwa kwa nauli kidogo, na ukitaka akae pake unamnunulia kiti na hakuna mtu atakuja kumtoa katikati ya safari. Na sisi tunaokumbuka 2004, marehemu Michuki akiwa waziri wa uchukuzi, tuliona zile Nissan za abiria 18 zikishushwa hadi 14, kila kiti kikawekwa mkanda, na wenye matatu walipiga kelele mpaka wakachoka wenyewe. Leo mikanda mingine imefungwa fundo, mingine haina pa kuchomeka. Na mama anayemfunga mtoto pamoja naye kwa mkanda mmoja hajui kwamba gari ikigonga uzito wake wote unamkandamiza huyo mtoto, hakuna mtu amewahi kumwambia.

Na si gari tu. Ukishuka mjini na mtoto amechafua daipa unaenda wapi? Unalipia choo na ndani hakuna hata ubao wa kumlaza, unambadilisha ukiwa umechuchumaa, begi umeuma kwa meno. Sheria ya Afya ya 2017 inataka waajiri waweke chumba cha kunyonyeshea kazini, na hiyo ni vizuri, lakini mama anayeuza nguo Muthurwa ama aliyekuja tu kliniki chumba chake kiko wapi? Mwaka 2018 wanawake waliandamana hapa mjini baada ya mama mmoja kuzuiwa kunyonyesha hotelini. Nyinyi wenyewe mliandika, picha zikawa kila mahali, halafu mkasahau. Wengine wetu tukichoka na hizi matatu tunapanda boda, mama, mtoto na begi, na sheria inasema pikipiki ni abiria mmoja. Tunajua. Tunapanda tukiomba Mungu.

Mimi nataka hivi. Viti viwili nyuma ya dereva, kwa kila matatu, vipakwe rangi ya njano viwe vya mtu mwenye mtoto, na kama hakuna mwenye mtoto steji basi mtu yeyote akae. Nauli ya mtoto iandikwe mlangoni kwa namba kubwa kama kiganja, chini ya miaka mitatu akipakatwa ni bure, akikaa kwa kiti ni nusu, mvua inyeshe isinyeshe. Akishalipiwa apewe risiti ya kiti chake na kiti kibaki chake mpaka ashuke. Muziki upunguzwe mtoto mchanga akiingia, haihitaji mkutano, ni kuzungusha kidude tu. Na konda atakayemshika mtoto wa mtu bila kuruhusiwa, sacco, yaani chama kinachosimamia hiyo gari, imtoe barabarani mwezi mzima bila malipo. NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ndio hutoa leseni za magari haya, waweke hayo mambo kwa masharti ya leseni wakague kama wanavyokagua vidhibiti mwendo.

Na nyinyi, irudieni hiyo ripoti. Mtume mwandishi pale Ngara saa kumi na mbili jioni, mvua ikinyesha, aulize akina mama wenye watoto mgongoni wamelipa ngapi na wamekaa wapi. Akitaka kupanda gari na mimi na kijana wangu nitampeleka mpaka Zimmerman.

Mama mzazi,
Zimmerman, Nairobi