Kabla hujapiga stata tena, funga maji

Omari ndugu yangu,

Salaam aleikum. Voisi yako nimeisikiza asubuhi mara mbili nikacheka peke yangu, yani wewe fundi wa pikipiki Tanga nzima yakujua, leo mashine ya dizeli ya boti la matanga imekataa kuwaka, inakutoa jasho. Usione haya, mie ilitaka kunitoa roho.

Kwanza kabla hujashika spana, ile waya ya kuzimia uliirudisha ndani? Usicheke. Mashine hizi huzizimi kwa ufunguo, wavuta waya inakata mafuta, sasa ukisahau imevutwa utapiga stata mpaka betri ife na mashine haina kosa lolote. Kama umeirudisha basi ni hewa, maana wasema mlilalia ubavu mmoja siku nzima na tangi liko chini ya robo, mafuta yamekimbilia upande mmoja paipu ikavuta hewa. Na dizeli haina plagi, inawaka kwa kubana hewa mpaka ipate moto halafu nozeli irushe mafuta mle ndani, sasa hewa ikiingia kwenye paipu pampu yaibana hiyo hewa tu na nozeli hairushi kitu.

Kutoa hewa najua utaweza. Ninalotaka kukwambia ni lile ambalo mie sikuambiwa.

Mwaka jana wakati wa malelezi, upepo haujui uende wapi, twarudi Kilifi kutoka Watamu mie na mzee mwenye boti. Karibu na mlango wa kriki upepo ukakata kabisa, maji yanatoka, mwamba twauona kwa macho. Mashine haiwaki. Tukatia nanga nikashuka chini na spana, nikalegeza skrubu ya juu ya filta, nikapampu kile kijimkono kwa kidole gumba, likatoka povu, povu, povu, mpaka dizeli ikaja tupu bila kipovu nikakaza. Nikalegeza nati za nozeli, mzee kule juu akapiga stata, mafuta yakatema nikakaza. Haikuwaka. Piga tena mzee. Piga tena. Sijui mara ngapi, na ile ya mwisho stata ikasema tk, ikanyamaza. Nikasema betri imekwisha.

Haikuwa betri. Valvu ya maji ya bahari, yale ya kupoza mashine, nlikuwa nimeiacha wazi muda wote bwana! Kila ukipiga stata wota pampu nayo inazunguka, inavuta maji na kuyamwaga kwenye egzosi, na kama mashine haijawaka hakuna moshi wa kuyasukuma nje, basi silansa ikajaa maji yakarudi kinyumenyume mpaka ndani ya silinda. Na maji hayabaniki, tungelazimisha tungepinda konrodi, ule mkono wa pistoni.

Bahati ile Yanmar ya silinda mbili ina vile vikono vya kuachia kompresheni, nikavinyanyua nikazungusha kwa hendeli pole pole, ikakohoa maji ya chumvi. Jioni upepo ukarudi tukaingia kwa tanga na maji kujaa. Kijiti cha oili kilitoka rangi ya chai ya maziwa, yani maji yameshaingia kwenye oili, na chumvi haingoji asubuhi, usiku uleule nikamwaga oili, nikatia mpya, nikawasha kidogo, nikamwaga tena, mara 3 mpaka ikatoka safi. Na kilichokuwa kinaturudishia hewa kumbe ni kijiwasha, ile ringi ndogo ya shaba, cha ileile skrubu ya filta, kimechakaa! Kitu cha kuokota dukani.

Kwa hiyo weye toa hewa na valvu imefungwa. Ila ikishika tu, ifungue saa hiyohiyo, usianze kushangilia, impela, kile kigurudumu cha ndani ya wota pampu, ni mpira na ikizunguka kavu inachanika. Mie hufunga kitambaa chekundu kwenye ufunguo wa mashine kila nikifunga valvu, mzee hunicheka. Halafu chungulia nyuma uone egzosi inatema maji.

Nitumie picha ya kikombe cha filta lakini. Kama mna utando mweusi kama kamasi basi tangi lina maji na wadudu wameshaota mle, hapo utatoa hewa mpaka mwakani.

Msalimie mama, mwambie nakuja kabla ya Ramadhani.

Salim