Kuvumwani hufa kwa kufungwa vibaya, si kwa chumvi ya maji yetu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita kwamba kuvumwani, ule mmea mdogo wa kijani unaotanda kama zulia juu ya mawe na magogo, haioti katika matangi ya samaki ya hapa Unguja kwa sababu maji yetu yana chumvi, kisha akawashauri wafugaji wa samaki wa mapambo waende msitu wa Jozani wakachume ile inayoota kwenye magogo. Yote mawili si sahihi, na hilo la pili linaweza kumtia mtu mashakani.

Nianze na maji. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya chokaa, kwa hiyo maji ya visima ni magumu na sabuni haitoi povu upesi, na karibu na pwani huwa na ladha ya chumvi. Lakini kuvumwani ya Java, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi miongoni mwa wafugaji (kwa miaka mingi imeuzwa kwa jina la Vesicularia dubyana, hali wataalamu wanaitambua kuwa ni Taxiphyllum barbieri), huvumilia maji magumu na hata chumvi kidogo. Kinachoidhoofisha ni joto. Hustawi zaidi katika nyuzi 22 hadi 26 hivi, na wakati wa kaskazi tangi lililowekwa barazani hupita nyuzi 30, ikadumaa, na ukoga ukapata mwanya wa kuifunika. Langu nimelihamishia kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua, nimeondoa mfuniko, na feni ndogo inapuliza uso wa maji. Kwa hayo tu joto limeshuka nyuzi 2. Maji yanayopungua nayajazia ya mvua, kwani kinachoruka ni maji matupu na chokaa yote hubaki ndani. Taa huiwasha saa saba kwa siku, basi.

Hata hivyo, kosa kubwa liko katika ufungaji, na hapa nashangaa kwamba sisi watu wa pwani ya mashariki tunakosea. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwetu mwaka 1989, na mama yangu, kama wanawake wengi wa Jambiani, anajua kwamba kila kishada hufungwa kwa taitai, yaani vikamba vya kufungia mwani, kwenye kamba kwa nafasi, ili maji yapite. Kuvumwani nayo haina mizizi. Hula kwa majani yake, na vile vinyuzi vyake vidogo ni vya kushikilia tu. Ya kwanza niliinunua mjini, donge nene kama andazi, nikaifunga juu ya jiwe vilevile ilivyo. Baada ya mwezi nilikata uzi: juu kijani, ndani rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, na harufu ya tope la mikokoni.

Siku hizi natumia kifuu cha nazi. Nakikwangua nyama yote iliyosalia, nakichemsha mara mbili tatu mpaka maji yasitoke tena rangi nyeusi sana, kisha naikata kuvumwani kwa mkasi vipande vya sentimita 1 au 2 na kuitandaza nyembamba kiasi kwamba uso wa kifuu bado unaonekana katikati yake. Halafu nazungusha uzi, mzunguko mmoja hadi mwingine upana wa kidole, nikikaza kiasi cha kuishika bila kuikata. Wengi hupendekeza uzi wa pamba, kwa kuwa huoza wenyewe baada ya wiki chache. Kwa aina zinazong'ang'ania vizuri, kama ile inayoitwa kuvumwani ya Krismasi, ni shauri jema. Ya Java hushika kilegevu, na uzi ukioza mapema utaikuta yote inaelea juu. Kwa hiyo natumia mshipi mwembamba wa kuvulia. Machipukizi mapya, ya kijani mbichi kuliko yale ya zamani, huanza kuonekana baada ya wiki tatu hivi, na yakirefuka nayapunguza ili ya chini yapate mwanga. Gundi ya supaglu nayo inafaa, kwa matone madogo juu ya sehemu iliyofutwa maji. Huacha madoa meupe ambayo mimi siyapendi.

Kuhusu Jozani, kuvumwani ya kwenye magogo imezoea hewa yenye unyevu, na sehemu kubwa ya aina hizo zikizamishwa moja kwa moja hugeuka rangi na kuoza ndani ya wiki chache. Isitoshe, msitu ule ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka tangu mwaka 2004, na mtu haendi kuchuma vitu hifadhini kama anayekwenda shambani kwake. Anayetaka mbegu amwombe mfugaji mwenzake mabaki ya mkasi. Kiganja kimoja kinatosha vifuu viwili.

Kifuu changu cha karibuni nilijaribu kukifunga kwa taitai kuukuu za mama. Hazifai: ni nene mno, na zimeacha michirizi mitupu ambayo hadi leo haijajaa.

Wako mwaminifu,
Msomaji, Jambiani, Unguja