Shukrani kwa fundi wa Ng'ambo, Tabora

Kaka fundi, jina lako sikulipata, kwa hiyo nakushukuru hapa hadharani. Nilikuwa nampeleka mama Kigoma, taa ya injini ikaanza kuwaka na kuzima, gari likamisi, yaani injini ikawa inakatakata, hadi usukani ukatetemeka. Gereji ya kwanza wakaniambia kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, imekufa, ninunue nyingine.

Wewe ulichomeka mashine yako chini ya usukani, ikaleta P0302: silinda ya pili haichomi vizuri. Hukukimbilia kuniuzia kifaa. Ulichomoa koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) ya silinda ya pili ukaihamishia ya nne, ya nne ukaileta ya pili, ukafuta ile namba, ukawasha gari. Ikaja P0304, yaani sasa ni silinda ya nne. "Umeona dada? Ugonjwa umehama na koili." Ukanionyesha na ufa mwembamba kwenye mpira wake. Tukabadilisha koili hiyo na plagi yake, basi.

Na ulivyonieleza kwa subira! Kwamba taa ikipepesa hivyo nisiendelee kukanyaga mafuta, maana petroli isiyoungua inakwenda kuunguza katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba lake, na hiyo ndiyo gharama yenyewe.

Mama alifika salama. Anakuombea kila swala. Mungu akuzidishie, kaka.