Cheti hatukuomba, tuachieni darasa letu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nijibu hoja ninayoisikia kila bajeti inapobanwa. Inasemwa kwamba madarasa ya jioni ya historia, utamaduni na sanaa kwa watu wazima yatanusurika iwapo tu yatakuwa na mitihani, yatatoa vyeti, na yataonyesha yanamsaidiaje mtu kupata kazi. Wanaosema hivyo wengi wao ni watetezi wa madarasa haya, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Adui yako unamfungia mlango. Rafiki anayekuja kukarabati nyumba na nyundo ya kubomolea, huyo unamkaribisha mwenyewe na chai unampa.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la namna hiyo kwa mwaka wa saba sasa. Nikimwambia mtu nasoma elimu ya watu wazima, anafikiri ngumbaru, ananitazama kwa huruma kana kwamba juzi ndiyo nimejua kuandika jina langu. Ngumbaru ni kazi ya heshima na sina neno nayo. Lakini kuna watu wazima wanaojua kusoma, kuandika na kuhesabu hadi faida na hasara, na bado wana njaa ya kuelewa dunia waliyoikuta. Hao ndio ninaowasemea.

Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa na desturi ya picha moja kwa jioni moja. Siku moja alitundika nakala ya mchoro wa Jan van Eyck wa mwaka 1434, ule wa mume na mke wamesimama chumbani, ambao wenyewe uko National Gallery, London. Ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, urefu wa sentimita 82 na upana wa 60. Akatuambia tuweke kalamu chini, tutazame dakika kumi bila kusema neno. Dakika kumi ni nyingi, jaribu. Baada ya tatu unahisi umemaliza, baada ya sita ndipo unaanza kuona. Mmoja akaona kioo cha mviringo ukutani, na ndani yake migongo ya wale wawili pamoja na watu wengine wawili wanaoingia mlangoni. Mwingine akaona mshumaa mmoja unawaka mchana kweupe. Machungwa dirishani, viatu vya mbao vimevuliwa, mbwa mdogo miguuni.

Kisha mtu akasema lile ambalo wengi tulikuwa nalo mdomoni: mke ana mimba, na tena iko karibu.

"Huyo hana mimba, mwalimu."

Alikuwa mama wa makamo aliyekaa nyuma kabisa, fundi cherehani, ambaye katika vipindi vinne hatukuwahi kuisikia sauti yake. Akasimama, akavua mtandio wake, akaukusanya mbele ya tumbo kwa mkono mmoja. "Ameshika gauni. Kitambaa ni kingi, na ndani kuna manyoya, kwa hiyo hakikunjiki kirahisi. Akiliachia, litaburuza chini na hatapiga hatua. Na tazameni mshipi ulipofungwa, juu, hapa chini ya kifua. Ukimshonea mtu hivi, hata awe mwembamba kama mimi, tumbo litatokeza." Akageuka ubavu ili tuone. Tukaona. Yeye mwenyewe alikuwa na tumbo lilelile la kwenye picha.

Mwalimu alicheka kwa furaha, akatuambia kwamba wanahistoria wa sanaa wengi wanakubaliana naye, kwani van Eyck huyohuyo alimchora Mtakatifu Katarina, bikira, kwa umbo hilohilo, na kitambaa kingi kupita kiasi kilikuwa njia ya kuonyesha utajiri. Ila wao waliufikia uamuzi huo kwa kulinganisha michoro. Mama yule aliufikia kwa vidole. Jioni ile nilielewa kwamba mtu mzima haingii darasani na kichwa kitupu kinachosubiri kujazwa. Anaingia na miaka yake ya kazi, na mwalimu mwenye akili huiacha kazi hiyo izungumze.

Yalitokea mengine ya aina hiyo. Tulipofika kwenye mabamba ya udongo ya Uruk, kule Mesopotamia, maandishi yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, mzee mmoja aliyestaafu utunzaji wa stoo alikuja juu kwa msisimko alipoambiwa kwamba sehemu kubwa ni hesabu tu: shayiri, kondoo, bia, mgawo wa vibarua. "Kumbe maandishi yalianzia kwetu!" Akataka kujua waliandikaje mzigo uliopungua. Mwalimu hakuwa na jibu, ila wiki iliyofuata alimletea tafsiri ya barua ya mwaka 1750 KK hivi, ambamo mtu aitwaye Nanni anamlalamikia mfanyabiashara Ea-nasir kwa kumpa shaba mbovu na kumdharau mjumbe wake. (Kwa hiyo, Mhariri, barua za malalamiko kama hii yangu zina ukoo mrefu.)

Sasa niambiwe, ni mtihani gani ungeuliza habari ya mtandio? Karatasi ya majibu huandikwa kabla mwanafunzi hajafungua kinywa.

Najua nitajibiwa kwamba bila mtihani watu watakuja kupiga soga. Mwaka 1908, R. H. Tawney, wakati huo mwanahistoria kijana, alianza kupanda treni kila wiki kwenda kufundisha historia ya uchumi katika miji ya Longton na Rochdale, Uingereza, chini ya Chama cha Elimu ya Wafanyakazi ambacho Albert Mansbridge alikianzisha mwaka 1903. Wanafunzi walikuwa watu waliotoka kazini na uchovu wao. Waliahidi kuhudhuria miaka mitatu, saa mbili kila kipindi, ya kwanza mwalimu aseme, ya pili wao wambane, na juu ya hayo kuandika insha kila baada ya wiki mbili. Mtihani haukuwepo, na shahada hawakupewa. Hiyo ni soga? Tawney alipotoa kitabu chake mwaka 1912, alikiri katika utangulizi kwamba wafumaji, wafinyanzi, wachimba migodi na mafundi mitambo walimfunza mengi yasiyopatikana kwa urahisi vitabuni. Denmark walikuwa wameshaliona hilo mapema zaidi. Shule ya kwanza ya watu wazima iliyotokana na mawazo ya mchungaji Grundtvig ilifunguliwa Rødding mwaka 1844, na mpaka leo shule za mkondo huo nchini humo hazina mitihani.

Anayetaka cheti cha kazi apewe, tena kozi zake zipo na zinahitajika. Wala sitadai madarasa yetu ni malaika. Yako yanayofundishwa taa zimezimwa, slaidi mia kwa saa, nusu ya darasa imelala na nusu inatamani kulala. Kubwa zaidi, wanaofika ni walewale ambao tayari walisoma, na hilo linauma kwa sababu anayefanya kazi ya zamu au aliye na mtoto mchanga hana pa kupenyea. Lakini cheti hakimpunguzii mtu zamu wala hakimshikii mtoto. Chumba cha kulelea watoto jirani na darasa kingefanya zaidi, na kipindi cha Jumamosi asubuhi vilevile. Wanaoshika fedha wakitaka kipimo, wahesabu jambo moja: waliojiandikisha muhula huu, ni wangapi wamerudi muhula ujao bila kulazimishwa na mtu?

Darasa letu lilipimwa kwa njia nyingine. Miaka miwili iliyopita uongozi wa chuo tunakosomea uliamua kila kozi iwe na mtihani. Mwalimu mpya, kijana mwema ambaye simlaumu, alianza kutupitisha kwenye michoro arobaini kwa jioni ili amalize mtaala. Swali lililosikika zaidi likawa "hii itatoka?" Yule mzee wa stoo alivumilia wiki tano. Mama wa cherehani hakurudi kabisa. Nilipokutana naye nikamuuliza, akaniambia alifeli mtihani mmoja akiwa na miaka kumi na minne, na kwamba huo ulimtosha kwa maisha yote.

Mchoro wa van Eyck ulitoka kwenye mtihani wa kwanza. Swali la nne: taja jina la mchoraji na mwaka. Nilipata alama zote mbili.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa darasa la jioni