Aibu yao isifungwe robota

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu marehemu mume wangu alipokuwa akirudi nalo jioni kutoka kazini, na miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari. Lakini ile habari yenu ya nguo zinazopendwa na wabaguzi wa rangi huko Ulaya na Marekani, ambayo mliimalizia kwa kutuasa tukague nembo kabla ya kununua, imenikaa kooni.

Mie nauza mitumba hapa Ngamiani, mwaka wa kumi na tisa huu. Juma lilelile nilikuwa nimetundika fomu siksi moja nyeusi, kola na mikono ina mistari ya njano, kifuani ina kishada cha majani. Fred Perry halisi, haina doa. Nikaikatia elfu nane. Kijana mmoja wa Yanga alikwishaniachia elfu tatu ya kishika uchumba, maana aliipenda hiyo njano na nyeusi, na siasa kali pekee anayoijua yeye ni ya Yanga na Simba. Mara akapita binti wa Kizungu na mwenyeji wake, kijana wa hapahapa mjini, gazeti lenu kwapani. Binti akaitazama fulana kama mtu aliyeona nyoka juu ya kamba ya kuanikia. Mwenyeji ndiye aliyesema, tena kwa sauti: “Mama, hiyo nguo ya wabaguzi, ichome.” Wanawake wawili waliokuwa wakichagua magauni wakayaweka chini. Kijana wa Yanga naye akasikia, akaja kudai elfu tatu yake. Binti akanipiga picha, mie na fulana yangu, wakaondoka. Hata shikamoo sikupewa, na huyo mwenyeji namjua kwao.

Usiku mwanangu akanisomea kwenye simu. Kumbe Fred Perry alikuwa mcheza tenisi wa Uingereza, akashinda Wimbledon mara tatu mfululizo, 1934 mpaka 1936. Baba yake alikuwa mbunge wa chama cha wafanyakazi, na mwenzake katika biashara ya nguo alikuwa Myahudi. Fulana zimeanza kuuzwa 1952. Hao Proud Boys, kundi la siasa kali la Marekani, wametokea 2016, wakaona rangi zimewapendeza, wakajifanyia sare. Kampuni ikaiondoa madukani Marekani na Kanada ile nyeusi yenye njano, na mwaka 2020 ikatamka hadharani kuwa haiwataki. Mbona hilo hamkuliandika? Na Lonsdale, watu wa vifaa vya ndondi kule London, walikosa nini? Wahuni wa Ujerumani waligundua tu kwamba ukivaa koti juu ya fulana hiyo na kuacha zipu wazi, zinabaki herufi NSDA, imepungua moja kufikia jina la chama cha Hitler. Mtu akishaamua kusoma matusi, atayasoma hata kwenye kiroba cha unga.

Kwamba nguo husema, sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa. Leso ina jina lake, na mie niliwahi kumvalia jirani leso moja akaninunia mpaka mfungo ukaingia. Lakini aliyemsema alikuwa mie. Hakwenda kukigombeza kiwanda, wala hakumwambia kila mwenye leso ile aivue. Na kusingiziwa nguo tunakujua vilevile. Mwaka 2015, baada ya yale mapambano ya askari na watu waliodhaniwa magaidi kwenye mapango ya Amboni, mume wangu, Mungu amrehemu, mtu aliyestaafu na kikohozi chake, alipanda daladala na kanzu na kikapu cha samaki, abiria wa kando yake akahama kiti. Konda akamuuliza kikapuni mna nini. Mna changu, mwanangu, mna nini tena? Alirudi nyumbani hakula. Kanzu hiyo alivaa baba yake, alivaa babu yake, alifungia ndoa, leo wahuni wachache wajifiche mapangoni ndipo iwe ya kuogopwa? Anayevuliwa nguo siku zote ni yule asiye na kosa, maana mwenye kosa hana haya ya kuvuliwa.

Halafu hebu jiulize fulana ile ilifikaje Tanga. Mie nadhani mwenyewe aliona haya kuonekana nayo kwao, akaitia kwenye mfuko wa msaada, akajisikia mwema. Ikashindiliwa robota, ikavuka bahari, nikailipia mie. Kisha nyie mnaniambia nami nione haya, kwa hela yangu! Na robota lenyewe hulichagui ndani, unanunua kwa kubahatisha. La mwisho nimekuta masweta ya sufi thelathini na mawili na glavu moja ya mkono wa kushoto. Masweta, Mhariri, Tanga, mwezi wa pili. Muuzaji wa jumla nikampigia, akaniambia nipeleke Lushoto. Nauli atanilipia nani? Hilo ndilo la kuandikia ukurasa mzima, lakini hamna habari nalo.

Dawa ninayo. Kwa kuwa hawa watu wanapenda sare na kila siku wanaiba za wenzao, tuwashonee yao. Mkonge tunao, na hapa karibu na kibanda changu yuko fundi anayeshona magunia. Suruali na shati la gunia la katani, kola ngumu, bila ya kutia bitana, wavae mwezi wa saba huko kwao kwenye joto. Itawawasha vizuri na hakuna mtu mwingine duniani atakayefananishwa nao. Elfu nane moja, na wa kwanza anaongeza nane ya ile fulana yangu. Vipimo wavilete kabla ya Ramadhani, baada ya hapo fundi anashika kanzu za Idi.

Mama wa mitumba,
Ngamiani, Tanga